Nyumbani kwa Maman Eulalie, Bagira

Tangu mumewe Léopold afariki, Maman Eulalie alikuwa hajazoea bado kimya cha nyumba yake. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, mojawapo ya zile nyumba za mtaa wa Bagira zilizojengwa kwa safu enzi za Wabelgiji, zote zikitazama upande mmoja kama wanafunzi waliopangwa mstari. Mbele kulikuwa na baraza jembamba, nyuma kulikuwa na uwanja wenye migomba kadhaa, na pembeni mwa uwanja huo kulikuwa na mabenchi marefu ya mbao ambayo hakuna mtu aliyeyakalia kwa miaka mingi. Mvua iliyapiga, jua liliyakausha, kuku wa jirani walilala juu yake. Eulalie hakukubali yachanwe kuni.

Ndiyo maana mkazamwana wake Charlène alipohamia pale na mwanawe Destin, Eulalie alifurahi hata kabla ya kuuliza sababu. Sababu alizijua baadaye, jioni, wakimenya mihogo. Charlène alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule moja ya chekechea kule Nguba, karibu na ziwa. Mwenye shule alikuwa ameondoka mjini na jamaa yake yote, milango ikafungwa, walimu wakaambiwa wasubiri. Walisubiri mpaka kodi ya nyumba ikawashinda. Na Guylain, mume wa Charlène, mtoto wa pekee wa Eulalie, alikuwa Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu. Alipiga simu pale tu alipopanda kilima chenye mtandao, na kila mara alisema mambo yatakuwa mazuri mwezi ujao.

"Maman," Charlène alisema siku hiyo, macho yakiwa kwenye kisu, "hatuwezi endelea kuikala tu hivi. Tutafute ka kazi ka kufanyia hapa hapa nyumbani."

"Njo ile naanza kuwaza tangu ulifika," Eulalie alijibu. "Lakini kazi gani?"

Hapo ndipo ulipoanza mjadala uliochukua karibu majuma mawili. Walizungumzia maandazi, lakini safu nzima ya nyumba zile ilikuwa inakaanga maandazi, ukitoka tu mlangoni moshi wa mafuta unakupokea. Walizungumzia kufuga kuku, Eulalie akakumbusha jinsi baridi ya Bagira ilivyowamaliza vifaranga wa jirani katika msimu mmoja wa mvua. Kuuza makaa? Maman Christine wa nyumba ya tatu aliuza makaa, naye alikuwa mtu wa kununa. Kushona? Mashine hawakuwa nayo. Charlène alileta wazo la kuuza juisi ya marakuja ya baridi, wakacheka wote wawili, kwa sababu umeme ulikuwa haujaonekana tangu Jumapili.

"Maman Destin," Eulalie alisema mwishowe, akimwita kwa jina la mwanawe kama ilivyo heshima, "mimi kazi najua moja tu. Niliifanya hapa hapa. Kasiksi."

Charlène aliacha kumenya.

Kusema kweli, Eulalie alikuwa analisubiri neno hilo limtoke tangu siku ya kwanza. Katika miaka ile ya Zaïre, kabla ya vita, nyumba yake ilijulikana kutoka Bagira mpaka kwenye viwanda vya chini. Mtu akisema "twende kwa Maman Eulalie", hakuna aliyeuliza ni wapi. Yeye alikuwa binti wa Kabare, na kasiksi, pombe ya ndizi, alifundishwa na mama yake mzazi akiwa bado hajavunja ungo. Wafanyakazi walitoka kiwandani saa kumi, wakapita kwake na mavazi yao ya kazi, wakakaa kwenye mabenchi yale chini ya migomba. Xavier fundi nguo alikuwa anaanzisha wimbo wa Kishi kwa sauti nyembamba kama ya mwanamke, na wengine wanauokota. Constantin, dereva wa lori, alikuwa anasimulia safari zake za Kindu, uongo mtupu, lakini watu walimwomba arudie. Léopold alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, hanywi sana, anatabasamu tu kama mtu aliyealikwa harusini. Wake zao walikuja pia, jioni za Jumamosi, na watoto wao mgongoni. Hakuna aliyegombana. Au kama waligombana, Eulalie hakukumbuka.

"Mi siwezi, maman," Charlène alisema kwa upole. "Niko mu chorale. Bale ba kanisa bataniona namna gani? Na Destin atakulia mu pombe?"

"Guylain alikulia mu pombe. Alikuwa mulevi?"

Charlène alichukua muhogo mwingine. Aliendelea kumenya, na Eulalie naye akaona amesema kwa ukali zaidi ya alivyokusudia. Lakini siku ya tatu yake, Charlène alimfuata uwanjani alipokuwa anafua.

"Tujaribu mara moja," alisema. "Moja tu. Ikikataa, tutafute ingine."

Siku zilizofuata zilimrudishia Eulalie mwili aliodhani ameshauacha. Alikwenda mwenyewe kuchagua ndizi kwa wanawake walioshuka na mizigo kutoka Kabare, akizibonyeza kwa kidole gumba, akikataa hizi, akikubali zile. Alichimba shimo pale pale palipokuwa na shimo lake la zamani, akalipasha moto, akalitandika majani ya migomba, akazifukia ndizi mpaka zikaiva na kutoa harufu tamu iliyoingia hadi chumbani. Kisha wakazimenya wawili, wakazikanda kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mbao, ule mrefu aliouachiwa na mama yake. Charlène alipandisha mikono ya blauzi yake, akakanda bila kusema kitu. Maji ya ndizi yalipoanza kutoka, mazito na meupe, Eulalie aliyachota kwa kikombe akampa.

"Onja. Bado haiko pombe. Hii njo mutobe."

Charlène alionja, akafumba macho. "Maman, iko tamu hivi!"

"Bibi-harusi alikuwa anapewa hii," Eulalie alisema. "Mimi nilipewa. Léopold alikunywa kikombe yangu, akasema amekosea."

Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Charlène ahamie pale, wawili hao kucheka bila kitu cha kuwaudhi kuwa nyuma ya kicheko. Baadaye Eulalie alitia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika mtumbwi kwa majani na mablanketi, akauacha uchemke wenyewe kwa joto lake. Kila alipopita alitega sikio kusikia ule mlio mdogo wa mapovu.

Jumamosi walifungua.

Wa kwanza kufika alikuwa Papa Constantin, yule dereva wa zamani. Alivaa koti la suti na kofia, viatu amevipaka rangi, akaingia uwanjani polepole na fimbo yake. Alisimama akayatazama mabenchi kwa muda.

"Maman Eulalie," alisema, "nilisikia nikafikiri batu banapotezea mimi wakati. Sasa bengine beko wapi?"

"Xavier anaishi Kinshasa kwa batoto bake. Bengine, papa, unajua."

Alijua. Alikaa pembeni kabisa ya benchi, kana kwamba anawaachia wenzake nafasi, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa, akatikisa kichwa, akasema ni ile ile. Eulalie aligeuka ajifanye anapanga vikombe.

Lakini waliokuja baada yake hawakuwa wa mabenchi yale. Walikuwa vijana, wengi hata hakuwafahamu, na simu zao zilipiga muziki tofauti kwa wakati mmoja. Walilipa vizuri, hilo lazima lisemwe. Ila mmoja alionja kikombe chake, akakunja uso, akamwambia Eulalie kama anayemwambia bibi yake:

"Koko, hii haiko na nguvu."

"Kasiksi haiko ya kuangusha mutu," Eulalie alimwambia. "Iko ya kuzungumuza."

Kijana akacheka, akatoa mfukoni kifuko cha plastiki cha pombe kali, akakitoboa kwa meno, akakimimina ndani ya kikombe. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Papa Constantin aliweka chake chini, akaangalia pembeni.

Ndipo akaja Ariane. Ariane alikuwa jirani wa nyuma, mwanamke mchanga mwenye mwendo wa haraka, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kadutu. Alikuwa na beseni kichwani na binti yake Déborah, aliyekuwa hajafika miaka minne, mkononi. Kawaida mtoto huyo alibaki na bibi yake, lakini bibi alikuwa amekwenda Bunyakiri kwenye matanga, na barabara ilimzuia huko.

"Maman, nisaidie. Nimuache hapa mupaka samaki yangu iishe. Nisipoenda saa hii itaoza."

Charlène alikuwa anajiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, kwa hiyo ni Eulalie aliyempokea mtoto. Alimkalisha kwenye mkeka karibu na mlango, akampa kipande cha muhogo, akamwambia asiondoke. Kisha kijana mmoja akaita. Mwingine akaita. Mtu mmoja alitaka chenji. Benchi moja lilianguka, wakacheka kwa kelele, akaenda kulisimamisha. Hata leo Eulalie hawezi kusema muda ule ulikwenda wapi.

Papa Constantin ndiye aliyeona. Alikuwa ameinuka kwenda zake, akapita nyuma ya benchi, akasimama.

"Mama! Katoto hapa!"

Déborah alikuwa amelala chini ubavu, kikombe tupu mkononi, midomo imelowa. Eulalie alimwinua, na harufu ikampiga usoni, harufu ya ile pombe kali ya mifuko, si ya ndizi. Alimtikisa. Alimwita kwa jina. Mtoto alifumbua macho nusu, macho yasiyomwona mtu, akayafumba tena. Mwili wake ulikuwa mlegevu kama nguo iliyotoka majini.

Muziki ulizimwa. Vijana walianza kutoka mmoja mmoja bila kuaga. Na wakati huo huo Charlène aliingia akiwa bado na kitabu cha nyimbo kwapani, akaona, hakuuliza. Alikitupa kile kitabu, akamvuta mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge cha Eulalie, akatoka mbio kupandisha kilima kwenda kituo cha afya. Eulalie alimfuata kwa miguu yake ya uzee, kandambili moja ikamtoka njiani, hakurudi kuiokota.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene asiyepoteza maneno. Alimlaza mtoto ubavu, akamtia dripu yenye sukari, akawaambia wasimwache hata kidogo na wamtazame pumzi. Wakakaa, mmoja kila upande wa kitanda. Eulalie aliangalia kifua kile kidogo kikipanda na kushuka, akawa anapumua nacho. Kuelekea jioni Déborah alitapika, akalia, akamwita mama yake. Muuguzi akasema, "Sasa sawa," na Charlène akafunika uso kwa mikono yake.

Ariane alifika akinuka samaki, beseni tupu bado kichwani, mtu alikuwa amempa habari njiani. Eulalie alisimama mbele yake.

"Ni mimi, mwanangu. Uliniachia mimi. Haiko Maman Destin."

Ariane alimpita, akaenda kitandani. Alimchukua mtoto wake, akamweka begani, akaondoka naye bila hata kuwatazama. Eulalie angependa atukanwe.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda uwanjani peke yake, akamwaga pombe yote iliyobaki kwenye mashina ya migomba. Charlène alitoka akamkuta ameinama na ndoo.

"Maman, acha nikusaidie."

"Apana. Hii iko kazi yangu."

Siku ile hakula. Si mtoto tu aliyemkaa moyoni, ingawa huyo alitosha. Alikuwa ameyaona mabenchi yake yamejaa tena, jambo aliloliomba kwa miaka, na hakukuwa na hata mmoja wa wale aliowatamani. Léopold hakuwa karibu na mlango. Wimbo wa Xavier haukuwepo. Alikuwa amewaza kwamba akiipika tu kasiksi, na wao watakuja nyuma yake, kama wanavyokuja watu kwenye harufu ya chakula.

Jumatatu, kumekucha tu, mlango uligongwa. Eulalie alifungua, akakuta Ariane amesimama kwenye ukungu na beseni lake, na Déborah ameshikilia nguo yake. Akajua maneno ya Ariane yamefika sasa, akajiweka tayari kuyapokea.

"Maman, nisamehe," Ariane alisema. "Nimuache tena leo?"

Eulalie hakuelewa. "Unaniletea mimi tena mutoto? Kisha ya ile?"

"Nitamuacha na nani?" Sauti ya Ariane ilipanda, kisha akaishusha. "Koko yake hajatoka Bunyakiri. Juma ingine ile nilimufungia mu nyumba, nikaweka kufuli. Niko ku soko nauzisha, kichwani nawaza moto tu. Nawaza: kama moto inawaka, atapitia wapi?" Alipangusa pua kwa kiganja. "Infirmière wa kituo cha afya aliniambia. Alisema mulikimbia naye, haukubaki hata na kiatu. Mutu mwingine angalimulaza kitandani asubiri aamuke. Nimewakasirikia sana, maman, sitaki kukudanganya. Lakini mulikimbia."

Charlène alikuwa ametokea nyuma ya Eulalie. Alichuchumaa, akamnyooshea Déborah mkono, na mtoto, kwa kuwa watoto huwa hawaweki mambo moyoni kama sisi, akaushika.

Siku hiyo Charlène alifungua lile boksi la katoni alilotoka nalo Nguba. Ndani mlikuwa na vitabu vya picha, chaki, vifuniko vya chupa vilivyotobolewa na kufungwa kwa uzi. Alikaa na Déborah barazani, wakahesabu vifuniko, wakaimba wimbo wa vidole. Eulalie alikuwa jikoni akisikiliza. Hakuwahi kuisikia sauti ile ya mkazamwana wake. Nyumbani Charlène alizungumza chinichini, kama mgeni. Hapa sauti yake ilikuwa pana na yenye uhakika, inapanda na kushuka, na mtoto anaifuata. Kabla ya mchana watoto wawili wa nyumba ya jirani walikuwa wamekwisha sogea, vidole mdomoni. Kesho yake, mwanamke mmoja anayeuza sokoni pamoja na Ariane alikuja kuuliza kama ni kweli kuna mahali panapopokea watoto. Na siku iliyofuata akaja mwingine, muuza nyanya, huyu hakuuliza chochote, alimteremsha tu mtoto mgongoni na kumsukumiza mbele.

"Maman," Charlène alisema jioni, macho yaking'aa, "tulitafuta kazi siku hizi zote. Bale bamama banatoka asubui sana, na batoto banabaki wapi? Mu kufuli. Ao ku soko, chini ya meza. Kama tunabapokea hapa, kila mama alete chenye anaweza."

"Fanya," Eulalie alisema. "Mimi nitakupikia buyi yao. Lakini batoto ba batu usinipe mu mikono."

"Siwezi fanya bila wewe."

"Uliona chenye nilifanya na mumoja tu."

Charlène alimshika mkono. Kisha akasema, "Njo maana nakutaka wewe. Mutu mwingine atachoka, atasahau. Wewe hautasahau tena."

Eulalie hakumjibu usiku ule wala kesho yake. Aliwapikia watoto uji wa mahindi na soya, akauweka barazani, akarudi jikoni. Alikuwa anawatazama kupitia ufa wa mlango na kuwahesabu, anawahesabu tena. Mmoja akienda nyuma ya nyumba, alitoka na kusimama mpaka arudi. Hakumgusa yeyote. Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa siku kadhaa, mpaka siku moja Déborah aliingia jikoni mwenyewe, akapanda mapajani mwake kama mtu anayepanda kitandani kwake, akalala. Eulalie alikaa pale na mikono hewani, hajui aiweke wapi. Mwisho akaishusha.

Watoto walipozidi, mkeka haukutosha tena. Papa Constantin, ambaye alikuwa anapita kila Jumamosi kwa mazoea hata baada ya kuambiwa kwamba pombe haipo, alitazama jinsi wadogo walivyoning'inia kwenye mabenchi, miguu haifiki chini.

"Haya yako marefu kwa bale," alisema. "Nikate miguu?"

Eulalie alijua kwamba anauliza jambo jingine kubwa zaidi ya miguu ya benchi. Aliyatazama mabenchi. Kwenye moja, upande wa ndani, palikuwa na alama ya kisu cha Léopold, siku aliyokuwa anamkatia mtu muwa.

"Kata," alisema, akaingia chumbani na kufunga mlango. Sauti ya msumeno ilimfikia hata hivyo. Ilichukua muda mrefu, maana ile ilikuwa mbao ya zamani na mkono wa Constantin haukuwa wa jana. Alipotoka, mzee alikuwa amekaa kwenye benchi jipya fupi, magoti karibu na kidevu, kofia bado kichwani, na watoto wanamshangaa.

"Nilikuwa naenda Kindu na lori," aliwaambia, "na mu njia tukakuta tembo amelala. Mukubwa kama hii nyumba."

Ulikuwa uongo ule ule wa zamani. Eulalie alimpelekea kikombe cha uji, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Guylain alipiga simu mwishoni mwa mwezi, kutoka kilima chake. Sauti ilikuwa inakatika.

"Maman, nilisikia ulifungua kasiksi!"

"Niliifunga."

"Kwa nini? Pale nyumbani palikuwa pazuri wakati ule. Mi nakumbuka nalala chini ya benchi, na bapapa banaimba juu yangu."

Eulalie alishika simu kwa nguvu. Hakujua kwamba mwanawe alikuwa anakumbuka hilo. "Ulikuwa unalala wapi?"

"Chini ya benchi, karibu na miguu ya papa. Alikuwa anavua koti ananifunika." Mtandao ulikatika, ukarudi. "Ile makelele ni nini hapo nyuma?"

"Ni batoto."

"Batoto ba nani?"

"Ba batu. Kuya ubaone," Eulalie alisema, na hapo simu ikafa kabisa.

Kazi haikuwatajirisha. Kuna mama aliyeleta pesa, kuna aliyeleta sambaza, kuna aliyesema kesho na kesho haikufika, na Charlène hakuweza kumfukuza mtoto wake. Watoto waliumwa, waliumana, mmoja alimeza kifuniko kikatoka chenyewe baada ya siku mbili za hofu. Maman Christine wa makaa alinuna kwa ajili ya kelele, kisha akamleta mjukuu wake. Lakini nyumba ililipa chumvi na sabuni yake, Destin alibaki shuleni, na Charlène alianza kuongea nyumbani kwa ile sauti yake pana.

Jioni moja ya mvua za mwezi wa kumi na moja, watoto wote walikuwa wamekwisha chukuliwa isipokuwa mmoja, Mardochée, kitoto cha muuza nyanya. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane, na mabasi madogo ya kutoka mjini yalikuwa yanachelewa kwa sababu ya tope. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikamwishia. Charlène alikuwa anamwosha Destin.

"Nitaenda kumupokea mama yake ku arrêt ya basi," Eulalie alisema. Alimweka Mardochée mgongoni, akafunga kitenge, akakaza, akachukua mwavuli.

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Njia ilikuwa inateremka kati ya safu za nyumba, maji mekundu yanakimbia pembeni, na mbali chini ziwa lilikuwa limeanza kuonekana tena, la kijivu, lenye kipande kimoja cha mwanga upande wa Rwanda. Uzito wa mtoto ulimkaa mgongoni mahali pale pale. Njia hii aliipita kila jioni akiwa na Guylain hivi hivi, kwenda kumngojea Léopold atoke kiwandani. Alikuwa na haraka siku hizo, akihofia pombe itachacha, akihofia wateja watafika wamkose. Sasa hakuwa na haraka. Alikuwa anakanyaga polepole, akichagua mawe, na akajikuta anaimba ule wimbo wa Xavier kwa sauti ya chini, beti alizozikumbuka, na zile alizozisahau akazijaza kwa mdomo uliofumbwa. Mtoto mgongoni aliacha kulia kwikwi.

Pale kituoni basi lilikuwa limesimama, watu wanateremka wakiruka matope. Muuza nyanya alikuwa wa mwisho. Alimwona Eulalie chini ya mwavuli, akaanza kukimbia, viatu mkononi, uso umejaa hofu.

"Koko! Kuna nini? Mutoto amekuwa je?"

"Hakuna kitu," Eulalie alisema, akigeuka ili mama aone mgongoni. "Angalia. Amelala. Vaa viatu kwanza, mwanangu, hatuna haraka."